Taya la Njoroge

Nilipokabidhi funguo za stoo ya vyombo, vijana wa bendi waliniambia nisiondoke na siri zangu. Niliwauliza siri gani. Wakasema: mdomo. Walitaka kujua inakuwaje mzee kama mimi apulize saksafoni alasiri nzima bila kuvimba, na wao wakipiga nyimbo chache tu wanatafuta maji baridi ya kuloweka midomo. Siri hakuna. Ila kuna habari ndefu kidogo, na nimeona afadhali niiandike mara moja kuliko kuirudia kwa kila mtu barabarani. Vyeo nilivyopata sitavitaja, maana vilikuwa vichache na hakuna hata kimoja kilichonisaidia kupuliza.

Nilifika Thika kutoka Maragoli mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikaandikwa katika kiwanda cha kutia mananasi makoponi. Kazi yangu ilikuwa kuondoa macho ya nanasi kwa kisu kifupi, nikisimama mbele ya meza ya bati. Asiyewahi kuifanya kazi hiyo huidhani tamu. Maji ya nanasi hula ngozi. Siku za mwanzo unaona vidole vinang'aa kwa usafi, baadaye unaona vinachubuka, na mwishowe unazoea kushika kikombe kwa viganja kama mtoto mchanga.

Palikuwa na Mzungu mmoja kiwandani aliyeajiriwa kuangalia hali ya wafanyakazi. Sisi tulimwita Bwana Welfea. Aliamini kwamba mfanyakazi mwenye bendi hana wakati wa kunywa pombe. Imani hiyo haikuthibitishwa kamwe na bendi yetu, lakini ilituletea vyombo. Alivinunua vikiwa vikuukuu kutoka jeshini, akavipanga juu ya meza za kantini, akauliza nani amewahi kupiga muziki. Mimi nilikuwa nimepiga ngoma ya kanisani kwetu, nikainua mkono. Zamu yangu ilipofika ngoma zilikuwa zimekwisha. Nikapewa saksafoni ya alto, imebonyea ubavuni, vifuniko vyake viwili vimezuiwa na mpira wa kufungia noti za pesa ili visifunguke ovyo.

Saksafoni ya pili ilichukuliwa na kijana wa Ruiru aliyefanya kazi upande wa makopo. Jina lake Njoroge. Alikuwa mwembamba, mwenye meno makubwa meupe na kicheko kilichomtangulia mlangoni. Alikiangalia kile chombo, akakitia mdomoni kama anayeonja muwa, akapuliza. Sauti ikatoka. Nene, laini, haina mikwaruzo. Sote tuligeuka. Yeye akakitoa mdomoni, akacheka, akasema, "Ĩĩ! Kumbe ni rahisi hivi?"

Kwake ilikuwa rahisi. Kwangu haikuwa.

Mwalimu wetu alikuwa Koplo Mutiso, Mkamba aliyepiga tarumbeta jeshini wakati wa vita vya Wazungu. Alikuwa mtu wa haki, na baadaye nitasema jambo jema juu yake, lakini saksafoni hakuijua. Aliyoyajua ni ya vyombo vya shaba kama tarumbeta. Mpiga tarumbeta hukaza midomo yake yenyewe ili itetemeke ndani ya kikombe cha chuma. Kwenye saksafoni midomo haitetemeki. Kinachotetemeka ni ridi, kile kipande chembamba cha tete kilichofungwa chini ya kipulizio, ile sehemu nyeusi unayoitia kinywani. Kazi ya midomo ni kuifunga hewa isivuje na kuiacha ridi ifanye kazi yake. Hayo hakuna aliyeyajua pale kantini. Kwa hiyo Koplo alitufundisha alichofundishwa.

"Kaza mdomo!" alipaza sauti akipita nyuma ya viti. "Kaza! Mdomo uliolegea ni mdomo wa mlevi!"

Nikakaza. Nilikuwa mfanyakazi mtiifu. Niliukunja mdomo wa chini juu ya meno, nikauma kwa taya lote, na ridi ikabanwa hata ikakosa pa kutetemekea. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama ya mbu, tena ilipanda juu ya wenzangu, kwa sababu ridi ikibanwa sauti hukimbilia juu. Koplo alisikia kwamba natofautiana na wengine, na dawa aliyoijua ilikuwa moja. Nikazidi kukaza. Ndani ya mdomo wa chini meno yangu yalichimba mfereji. Ijumaa tulifanya mazoezi, Jumatatu nilirudi kwenye meza ya bati, na tone moja la maji ya nanasi lilipoingia kwenye ule mfereji niliwaona babu zangu wote wamejipanga.

Nilimuuliza Njoroge anafanyaje.

"Haki, Ezekieri, sijui," akasema. Jina langu ni Ezekieli Agesa, na lile la kwanza Njoroge hakuwahi kulitamka vizuri. "Mimi naweka tu mdomoni, napuliza. Si unaweka tu?"

"Ndiyo, naweka."

"Basi puliza."

Hakuwa ananificha kitu. Hakujua kweli. Alizaliwa na taya lililolala mahali pake, na mtu hawezi kukuelekeza njia ambayo hajawahi kuipotea.

Kulikuwa na siku ya michezo Ruiru, na bendi yetu iliitwa kupiga kati ya mbio na kuvuta kamba. Koplo aliniita pembeni kabla ya siku hiyo akaniambia bila ukali, "Agesa, wewe unajitahidi. Lakini ukipiga Ruiru kama ulivyopiga jana, nitakurudisha kwenye visu siku nzima. Siwezi kumtetea mtu anayepiga kama mlango unaolia." Alasiri za mazoezi ndizo zilizokuwa zikiipumzisha ngozi yangu. Nilimwambia nimeelewa.

Nilipiga vilevile. Tulipokuwa tunavitia vyombo masandukuni, mwanamume mmoja mnene aliyevaa kofia ya reli alinijia. Alikuwa Mgoa, karani wa tiketi pale stesheni ya Ruiru. Jina lake kamili lilikuwa refu, sisi tulimwita Kasmiro. Kiswahili chake alikijenga mwenyewe kwa vifaa alivyovipata.

"Wewe, kijana ya saksafoni. Nionyeshe mdomo."

Nikamwonyesha. Akaugeuza mdomo wangu wa chini kwa kidole gumba, kama mtu anayenunua ng'ombe, akatikisa kichwa.

"Wewe nakula hii kitu. Hii si mahindi ya kuchoma. Meno yako nafanya kazi, pumzi nalala. Jumapili wewe kuja kwangu."

Koplo alikuwa amesimama karibu. Nilidhani angeniambia nirudishe chombo. Akasema tu, "Nenda. Kama huyo Mgoa anaweza, tutaona." Ndivyo nilivyopata kuahirishiwa visu.

Kasmiro aliishi katika nyumba za reli nyuma ya stesheni, na mkuu wa stesheni hakupenda kuona Mwafrika akiketi kwenye baraza za makarani. Kasmiro akamwambia nimekuja kupasua kuni. Kwa hiyo kila Jumapili palikuwa na shoka limeegemezwa kando ya kiti changu, na ili uongo usiwe mkubwa mno, nilipasua kidogo kabla ya kuondoka. Kuni za nyumba ile hazikupungua kamwe.

Somo la kwanza hakunipa saksafoni. Alinipa kikombe cha chai ya moto.

"Puliza."

Nikapuliza chai.

"Sasa, mdomo yako nafanya nini?"

Nikafikiri. "Haufanyi kitu, bwana."

"Basi. Hiyo hiyo."

Akafungua kipulizio kutoka kwenye chombo, akanipa peke yake, akanitaka nipulize kama nilivyopuliza chai. Mara tu kilipogusa meno yangu, taya likafunga. Akaniambia nianze tena. Nadhani Jumapili za kwanza kazi yetu ilikuwa hiyo tu: chai, kipulizio, taya, chai. Aliweka kidole kwenye pembe za midomo yangu akasema, "Hapa ndiyo nashika." Kisha akakiweka kwenye taya akasema, "Hapa nalala." Pembe za midomo hukusanyika kuelekea katikati, kama mdomo wa mfuko unapovutwa uzi. Kidevu hubaki bapa. Meno ya juu hukaa juu ya kipulizio kama mtu aliyeegemea ukuta, bila kuusukuma. Mdomo wa chini ni godoro la ridi. Vijana wengi huniambia wanalijua hilo. Kisha huanza kupiga, na godoro linageuka kuwa nyama ya kutafuna.

Mkewe, Mama Roza, alikuwa fundi wa kushona na alikaa na cherehani yake dirishani. Siku moja alichoka kunisikia. Akatoka, akaushika mkanda wa shingoni uliobeba saksafoni yangu, akamwambia mumewe kwa lugha yao maneno mengi, kisha akanigeukia mimi. "Mkanda ndefu sana. Wewe nainama kama mbuzi kwa mto." Aliufupisha kwa mshono mmoja. Kipulizio kikanijia mdomoni chenyewe, nami sikulazimika tena kukifuata kwa shingo. Kasmiro alikasirika kidogo, maana nusu ya tatizo alilolishughulikia kwa miezi ilikuwa imeisha kwa sindano. Tangu siku hiyo, mpigaji akinijia na maumivu ya mdomo, mimi huangalia mkanda kwanza.

Kasmiro alinifundisha pia kulainisha ridi kwa jani la msasa badala ya wembe, na kukunja karatasi ya sigara juu ya meno ya chini iwapo kidonda hakijapona. Na alikuwa na mbinu moja niliyoiona ya kitoto. Alikaa mbele yangu, akazishika yeye funguo za saksafoni, vile vibonyezo vya vidole, akasema mimi nipulize tu. Vidole vyake, pumzi yangu. Sikujua noti gani inakuja, kwa hiyo sikuweza kujiandaa kuiuma.

Siku sauti ilipotoka nzima, bila mbu ndani yake, Kasmiro hakunisifu. Alisema, "Chai imepoa. Kunywa."

Kiwandani Koplo alisikiliza wimbo mmoja, akanitazama mdomoni, akatazama dari. Tangu siku hiyo hakuniambia tena nikaze, ingawa wengine aliendelea kuwaambia. Njoroge alifurahi kuliko mimi. Tulianza kupiga sauti mbili pamoja, yeye juu na mimi chini, na kwa muda wa mwaka mmoja hivi nilipenda kazi yangu.

Kisha serikali ya Wazungu ikatangaza Hali ya Hatari dhidi ya Wakikuyu waliopigania ardhi, na asubuhi moja malori yalikuja kwenye laini za wafanyakazi, zile nyumba za kiwanda. Tulitolewa nje, tukatenganishwa. Wakikuyu, Waembu na Wameru upande huu, sisi wengine upande ule. Njoroge alikuwa amevaa shati moja tu na kulikuwa na baridi. Alinitafuta kwa macho, akaniinulia nyusi, kama alivyokuwa akifanya tukikaribia kuingia kwenye kiitikio. Lori likaondoka. Sikujua alichotuhumiwa. Sijui kama kulikuwa na jambo.

Ijumaa iliyofuata Koplo Mutiso aliichukua saksafoni ya Njoroge, akaifuta yote kwa kitambaa, akaitia sandukuni. Bwana Welfea alipendekeza tumpe mtu mwingine. Koplo akasema chombo kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika. Hilo ndilo jambo jema nililosema nitalitaja.

Miaka ikapita. Nilikaa kiti cha kwanza, cha anayepiga sauti ya juu. Kasmiro akahamishiwa Kisumu na familia yake, na shoka akaniachia. Nilifundisha wapigaji wengine wawili watatu kwa njia ya chai, nao wakafanya vizuri, kwa hiyo nikadhani kazi hiyo naijua.

Niliposikia habari za Njoroge tena, nilizisikia kwa mkewe. Wangari alinikuta sokoni Ruiru. Nilikuwa nimemwona kwenye harusi yao tu, msichana mwenye maneno mengi. Sasa alikuwa amekonda na alizungumza akiangalia pembeni.

"Shemeji Ezekieri. Baba Kamau alirudi. Tangu mvua kubwa ya mwaka jana."

Nikamuuliza mbona Njoroge hakunitafuta.

"Hatafuti mtu. Anaenda kulima kahawa ya Mzungu, anarudi, anakaa. Haongei. Ukimuuliza kitu anasema ndiyo ama hapana. Na usiku anasaga meno, mpaka mtoto anaamka. Hayo meno yenye alibaki nayo. Hebu mletee hiyo kitu yenu ya kupuliza. Labda."

"Labda nini?"

"Sijui labda nini, shemeji. Mletee tu."

Walikuwa wakiishi katika kijiji kipya karibu na Ruiru, kimoja cha vile ambavyo watu walihamishiwa kwa nguvu, vibanda vimepangwa mistari na handaki kuzunguka. Mimi si Mkikuyu, kwa hiyo langoni askari waliangalia mfuko wangu na kunipitisha. Koplo ndiye aliyenipa saksafoni ya zamani ya Njoroge. Hakuuliza ninaipeleka wapi. Alisema tu vifuniko vinahitaji mafuta.

Njoroge alinisalimu vizuri. Alipofungua kinywa niliona meno mawili ya mbele ya juu hayapo, na moja la chini limevunjika kwa mshazari. Kicheko hakikuwapo. Aliishika saksafoni, akaiangalia, akafanya kama zamani: akaiweka tu mdomoni, akapuliza. Ikalia kama nguruwe. Akajaribu tena. Nililiona taya lake likifunga, misuli miwili imesimama chini ya masikio kama kamba za hema. Akanirudishia.

"Haiko tena," akasema.

"Ipo. Umeibana."

"Sijabana."

Na kweli alidhani hajabana. Hapo ndipo nilipoiona shida yote. Mimi niliyejifunza kwa kidonda nilijua kila hatua ya njia, kwa hiyo ningeweza kuirudia hata gizani. Njoroge alizaliwa ameshafika. Sasa ametolewa huko, na hajui alipitia wapi.

Nikamwendea kila Jumapili. Nilianza na chai, naye akapuliza chai vizuri, kisha kipulizio kilipogusa ufizi, taya likafunga. Bila meno ya juu hakuwa na pa kuegemeza, kwa hiyo nilimfundisha kukunja midomo yote miwili, wa juu na wa chini. Kuna wapigaji wazuri wanaopiga hivyo kwa kupenda, kwa sababu anayekunja yote miwili hawezi kuuma bila kujiumiza. Njoroge hakujali maumivu. Aliuma, akajiumiza, hakulegeza. Lile jino lililovunjika nililifunika kwa karatasi ya sigara, nikabandika kipande cha tyubu ya baiskeli juu ya kipulizio. Mkanda nilikuwa nimeshaufupisha. Nilimwambia, "Legeza." Akaniambia, "Nimelegeza," na meno yamefungana.

Jumapili moja nilihisi tumekaribia. Sauti ilikuwa imeanza kunenepa. Tulikuwa nyuma ya kibanda chao, Wangari akichambua maharagwe karibu nasi. Askari wa kijiji akaja na bunduki begani.

"Nani amewapa ruhusa ya kupiga tarumbeta hapa?"

"Si tarumbeta, afande," nikasema.

"Nimeuliza ruhusa. Sijauliza jina."

Nilieleza kwamba ni mazoezi ya bendi ya kiwanda. Nikamtazama Njoroge ili anisaidie. Alikuwa amesimama wima, mikono imenyooka ubavuni, macho mbele, na taya limefungwa hata kidevu kimekuwa cheupe. Saksafoni ilining'inia shingoni mwake kama si yake. Askari hakumgusa. Alituambia tuhamishe kelele, akaenda zake. Njoroge hakuketi mpaka Wangari alipoinuka akamshika mkono.

Nilipokuwa nikiendesha baiskeli kurudi Thika nilifikiri kuacha. Nilikuwa nimemwambia legeza, legeza, miezi yote hiyo, na sasa nimeona kwamba nilikuwa nikimpa amri. Huyu mtu alikuwa amepewa amri za kutosha.

Mzee wa kanisa lao alituruhusu kutumia jengo la kanisa baada ya ibada. Jumapili iliyofuata sikutaja mdomo. Sikutaja taya. Nilikaa mbele yake kwenye benchi, nikazishika funguo mimi, nikamwambia, "Wewe puliza tu. Nyimbo ni zangu."

Akapuliza. Nikaanza kupiga wimbo wa mazoezi tulioupiga kantini zamani, lakini kuzicheza funguo ukiwa upande wa pili ni kama kuandika ukitazama kwenye kioo. Vidole vyangu vilikwenda kinyume. Badala ya noti laini ya tatu, nilifunga vifuniko vyote kwa mpigo, na kutoka ndani ya saksafoni ukatoka mshindo mzito, mrefu, wa aibu, kama wa ng'ombe aliyekula majani mabichi. Ulijaa kanisa lote. Wangari aliyekuwa mlangoni akasema, "Ngai!"

Njoroge akacheka.

Alicheka kipulizio kikiwa bado mdomoni, pumzi ikiendelea kutoka, na ule mshindo ukageuka. Ukawa noti ya chini kabisa ya saksafoni, ile isiyotoka kamwe kwa mtu anayeuma. Ilitoka pana, imetulia, ikakaa. Sikuondoa vidole. Niliogopa hata kupepesa. Ilipokwisha pumzi, akakitoa kipulizio, akajigusa shavu kwa vidole, taratibu, kama anayetafuta kitu alichokiweka hapo.

"Puliza tena," nikasema.

Hakupuliza. Alisema, "Ezekieri, huko kulikuwa na mtu mmoja alipenda kuimba." Kisha akaendelea. Alizungumza alasiri ile yote. Hakuzungumza kwa haraka, wala hakulia. Alieleza kambi ya kwanza aliyofungwa, kambi ya pili, kazi, maji, na siku ile ya meno. Wangari aliingia, akaketi sakafuni karibu na miguu yake, akasikiliza kwa mara ya kwanza mambo aliyokuwa ameishi nayo nyumba moja. Mimi nilizishika funguo za saksafoni wakati wote huo, kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Alipomaliza aliniomba nisiyarudie. Sijayarudia, na hapa pia sitayaandika.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kawaida, ambayo ni kusema ngumu lakini inaelekea mahali. Kuna Jumapili taya lilirudi kufunga, hasa akiwa amemwona mtu fulani njiani. Tulipuliza chai. Tulipiga noti ndefu, moja kwa pumzi moja, kuanzia chini kwenda juu, tukikomea pale taya linapoanza kuamka. Ile sauti ya zamani, nyepesi, ya mtu anayeonja muwa, haikurudi. Ilikuja nyingine, yenye upepo kidogo pembeni kwa sababu ya lile pengo la meno, na nzito zaidi katikati. Mimi niliipenda. Yeye alisema ni ya mzee.

Vizuizi vya kusafiri kwa Wakikuyu vilipolegezwa kidogo nilimpeleka kwa Koplo Mutiso. Kiwanda hakikuwa tayari kumwandika tena, na Koplo alimweleza hivyo wazi. "Sina nafasi kwenye bendi," akasema. Kisha akaenda kona ya kantini, akabeba kiti, akakiweka kando ya changu. Njoroge alipoketi, Koplo akainama kumwangalia kinywa, akayaona yote, akanyooka.

"Wewe piga unavyojua," akasema. Wengine siku hiyo hakuwaambia wakaze.

Bendi yetu ilikuwa na dansi Jumamosi iliyofuata, katika ukumbi wa wafanyakazi Thika. Siku zile dansi zilianza mchana, ili kila mtu awe kwake kabla ya saa za kufungiwa ndani, kwa hiyo watu walicheza jua likiwapiga kupitia madirishani, na vumbi la sakafu lilionekana lote. Tulianza na sauti mbili, mimi juu na yeye chini. Wimbo wa tatu nilimwachia. Alisimama, akauvuta mkanda ukae sawa, akapuliza. Kidevu chake kilikuwa bapa na mabega yameshuka. Mama mmoja mnene aliyekuwa akicheza na fundi wa makopo aliacha kucheza ili asikilize, na fundi akabaki ameishika hewa.

Wangari alikuwa amekuja na mtoto, amesimama karibu na jukwaa upande wangu. Wimbo ulipokwisha watu walipiga makofi, na yule mama akamsogelea.

"Huyo anapiga saksafoni ni nani? Sijawahi kumwona."

"Ni bwanangu."

"Alikuwa wapi?"

"Alikuwa amechukuliwa."

"Pole, mama. Amerudi lini?"

Wangari alimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi jingine.

"Leo," akasema.

Koplo alikuwa ameshainua mkono. Nikailowesha ridi, nikamwangalia Njoroge kuona kama yuko tayari, tukaingia wimbo uliofuata.